Kila Mradi na Bwana Wake

Ninayo mpaka leo kauntabuku moja kubwa yenye jalada jeusi, ambayo niliitumia nilipokuwa nikifanya kazi katika kata ya Makanyagio, mjini Mpanda. Humo niliandika kila Jumatatu habari za miradi minne ya kampuni iliyoniajiri. Kila ukurasa una mistari minne, na mbele ya kila mstari kuna alama ya vema. Ghala: vema. Mashine: vema. Wakulima: vema. Magari: vema. Mtu asiyejua yaliyotokea mwaka ule akifunua kurasa hizo atasema kwamba kazi ile ilikuwa mikononi mwa mtu hodari. Mtu huyo nilikuwa mimi, nami naandika haya kueleza jinsi alama nne za vema zilivyozaa kosa moja kubwa.

Ilikuwa mwaka 2008. Siku hizo Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulikuja kuanzishwa mwaka 2012. Tajiri wetu alikuwa mtu wa biashara za kununua na kuuza, mwenye kuona mbali. Aliona jinsi mpunga unavyotoka bonde la Mpimbwe, huko Usevya na Majimoto, ukapita Sitalike na kuingia Mpanda, kisha ukaendelea na safari yake bila kutuachia chochote isipokuwa vumbi. Akasema, kwa nini tusiukoboe hapa hapa? Basi akapanga kujenga ghala Makanyagio, kuleta mashine ya kukoboa na kupanga madaraja ya mchele, kuwakopesha wakulima mbegu na magunia ili watuuzie sisi, na kununua magari mawili aina ya Fuso ya kuusomba mpunga.

Kila jambo alilipa jina la mradi, na kila mradi akaupa bwana wake. Ghala alipewa fundi mwashi mzee, mtu wa kuheshimika. Mashine alipewa kijana aliyesomea ufundi. Wakulima walipewa bwana shamba mstaafu, na magari yakapewa dereva wa zamani ambaye hakuna barabara ya magharibi asiyoijua. Mimi nilikuwa mhasibu. Siku moja tajiri aliniita akaniambia, "Mwalimu," maana ndivyo alivyopenda kuniita ingawa sijawahi kufundisha, "wewe utakuwa mratibu. Uniangalizie hawa wanne, uniletee ripoti." Nilifurahi mno. Nikaenda dukani kununua ile kauntabuku.

Sasa msomaji anisamehe nikieleza jinsi nilivyoifanya kazi yenyewe, kwa sababu kosa lote limo humo. Kila Jumatatu nilimwendea mmoja mmoja na kumuuliza swali moja: "Umefikia wapi?" Fundi mwashi alisema amefika kwenye linta, nikaandika. Kijana wa mashine alisema mzigo umekwisha pakiwa kwenye behewa, unakuja kwa njia ya Tabora na Kaliua, nikaandika. Bwana shamba alisema ameandikisha wakulima zaidi ya mia, nikaandika. Bwana wa magari alinionyesha hesabu za mapato ya wiki, nikaandika kwa furaha zaidi, maana wakati wenzake walikuwa wakitumia fedha, yeye alikuwa akiingiza. Halafu nikaweka alama zangu za vema na kumpelekea tajiri. Hakuna aliyenidanganya hata siku moja. Jambo hilo napenda lifahamike. Wote wanne walikuwa waaminifu, na wote walitimiza walichotumwa.

Mpunga ukaiva. Mwezi Juni wakulima wakavuna, wakapiga, wakapepeta, wakajaza magunia tuliyowakopesha na kutungoja. Ghala lilikuwa tayari, limepakwa chokaa. Mashine ilikuwa imefungwa juu ya zege, inang'aa. Tukaalika watu, tukawasha, mashine isiwake. Ilihitaji umeme wa fezi tatu, na katika jengo lile haukuwapo.

Nilimwita fundi mwashi nikamuuliza kwa nini hakuomba umeme. Akanijibu kwa utulivu, "Mwanangu, mimi nimejenga nyumba. Umeme wa mashine ni wa mwenye mashine." Nikamgeukia kijana. Naye akasema, "Mzee, mimi nilijua umeme unakuja na jengo, kama mlango na dirisha." Fomu ya maombi haikuwa imejazwa na mtu yeyote. Haikuwa kazi ya huyu wala ya yule. Ilikuwa katikati yao, na katikati hapakuwa na mtu. Yaani palipaswa kuwa na mimi.

Tukasema basi tununue mpunga kwanza tuuweke ghalani, umeme utafuata. Nikamtafuta bwana wa magari. Magari yote mawili yalikuwa safarini, yamekodishwa kwa mwezi mzima kusomba mahindi. Aliona ni msimu wa fedha, na tangu mwanzo tulikuwa tukimpima kwa fedha, naye akafanya kile tulichokuwa tukimsifu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba wiki zile ndizo wiki za mpunga. Bwana shamba alizijua, lakini bwana shamba na bwana wa magari hawakuwa na sababu ya kuonana. Kila mmoja alionana na mimi tu, siku ya Jumatatu, kwa robo saa.

Miongoni mwa wakulima wale alikuwamo mama mdogo, ndugu yake marehemu mama yangu, anayeishi huko Mpimbwe. Bwana shamba alipopita kijijini kuandikisha watu, yeye hakuuliza habari za bei wala za mkataba. Aliuliza kama ni kweli mimi nimo katika kampuni hiyo. Alipoambiwa nimo, alisema, "Basi niandike. Kama mwanangu yumo, mimi sina wasiwasi." Neno hilo bwana shamba aliniletea kama salamu, nami nikalipokea kama sifa.

Mama mdogo alikuwa na nyumba ya nyasi. Kwa kuitegemea bei tuliyoahidi, aliezua nyasi zile mapema, akanunua mbao na kuwaweka mafundi, ili fedha za mpunga zikiingia anunue bati na kuezeka kabla ya mvua za Novemba. Akatungoja wiki ya kwanza. Walanguzi walipita na magari yao, akawajibu kwamba mpunga wake una mwenyewe. Akatungoja wiki ya pili na ya tatu. Wenzake walianza kuuza. Yeye akawatuliza, akasema mwanawe hawezi kumwacha. Mwisho wadai wa mbao walipomzidi, aliuza kwa walanguzi, kwa lumbesa, yaani gunia lililoshonewa kilemba juu likabeba zaidi ya kipimo na kulipwa kama gunia moja. Bei nayo ilikuwa imeshuka, kwa sababu kufikia hapo kila mtu alikuwa akiuza.

Fedha zile zilitosha bati za nusu ya nyumba. Nusu nyingine ilifunikwa turubai. Nilikwenda kumtazama mwezi wa Desemba, mvua ikanikuta huko usiku. Alinilaza upande wa bati. Nilisikia mvua ikigonga juu yangu kwa kishindo, na upande wa pili, alikolala yeye na wajukuu, nilisikia turubai likijaa maji, kisha yeye akiamka kulisukuma kwa mti ili maji yamwagike nje. Aliamka mara nne. Nilipotaka kumsaidia alinizuia, akasema, "Lala, baba, una safari." Hakunilaumu usiku ule, wala hajanilaumu tangu hapo. Laiti angenilaumu.

Usiku ule ndipo nilipoanza kufikiri juu ya kazi yangu kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa nikiifanya tu.

Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba nilikuwa nimechanganya vitu viwili. Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, nayo huisha kitu kinapopatikana: ghala likisimama, mradi wa ghala umekwisha. Lakini mama mdogo hakuhitaji ghala. Wala hakuhitaji mashine, wala gari. Alihitaji mpunga wake ununuliwe kwa bei nzuri mwezi wa Juni, na jambo hilo halikuwa mradi wa mtu yeyote kati ya wale wanne. Lilikuwa ndilo lengo la miradi yote ikiwa pamoja. Kwa Kiswahili tunalo neno zuri la mkusanyiko wa namna hiyo, nalo ni mpango. Miradi minne inaweza kukamilika yote, na mpango ukafa. Kauntabuku yangu ilikuwa na mistari minne ya miradi. Mstari wa tano, wa mpango, haukuwamo.

Wala kosa hili si la watu wadogo wa Mpanda peke yao. Ukipanda treni Mpanda, ukavuka mto Ugalla na kufika Kaliua, uko jirani na Urambo. Na Urambo ni mojawapo ya sehemu tatu za ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Wazo lake lilitolewa mwaka 1946 na Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, iliyokuwa chini ya Unilever. Zilikusudiwa kulimwa ekari 3,210,000, sehemu kubwa ikiwa hapa Tanganyika. Kampuni hiyo ilianza kusimamia kazi, na mwaka 1948 ikakabidhi kwa shirika la serikali ya Uingereza. Ndani yake mlikuwamo miradi mingi: kufyeka pori, kuleta matrekta, kujenga karakana, kujenga bandari ya Mtwara, kutandika reli kutoka huko hadi Nachingwea. Kila mmoja ulikuwa na wataalamu wake. Lakini matrekta, mengi yakiwa makuukuu ya vita, yalitangulia karakana na vipuri. Mwaka 1947 zilikusudiwa kufyekwa ekari 150,000. Zilizopatikana hazikufika 10,000. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji, na mvua zikagoma. Serikali ya Uingereza iliufuta mradi huo Januari 1951, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 35. Reli ya kusini ilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja, nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Reli ile kama reli ilikuwa kazi nzuri. Naamini mhandisi wake naye aliweka alama yake ya vema.

Reli yetu ya Mpanda yenyewe ina hadithi ya namna yake. Kipande hicho cha kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua kilifunguliwa mwaka 1950 kwa sababu ya mgodi wa risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, ikabeba mahindi, tumbaku, asali na watu. Hapa napata faraja kidogo: kitu kilichojengwa vizuri huweza kupata kazi nyingine baada ya mpango wake kufa. Ghala letu nalo lilipata kazi nyingine. Ila faraja hiyo haimfai aliyekuwa akikitegemea kwa kazi ya kwanza.

Jambo la pili nililolifikiri ni kwamba mambo haya tunayajua, tena tunayajua vizuri, ila tunayaacha mlangoni tunapoingia ofisini. Ni nani kati yetu hajakaa katika kamati ya harusi? Kuna watu wa chakula, watu wa ukumbi, watu wa mapambo, watu wa usafiri, watu wa muziki. Mwenyekiti wa kamati akiwa mzuri hamuulizi mtu wa chakula tu kama ng'ombe amenunuliwa. Anamuuliza chakula kitabebwa na gari la nani, na kama gari hilo ndilo litakalokwenda kumchukua bibi harusi. Anajua kwamba pilau lililoiva saa saba kwa wageni wanaofika saa kumi na mbili ni hasara, hata kama mpishi ni bingwa. Hakuna aliyemfundisha darasani. Anajua kwa sababu anaiwazia harusi, na kamati ndogo anaziona kama vidole vya mkono huo. Wazungu wamelifanya jambo hili kuwa elimu kamili. Mwaka 1999 serikali ya Uingereza ilitoa kitabu cha mwongozo wake, na leo watu hufanyia mitihani na kupata vyeti. Sidharau vyeti. Nasema tu kwamba mwenyekiti wa harusi wa Makanyagio anayo mizizi ya elimu hiyo.

Niliporudi Mpanda nilimwendea tajiri nikamweleza kila kitu, pamoja na habari za turubai. Nilitegemea kufukuzwa. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Sasa mwaka huu utafanyaje, Mwalimu?"

Nilianza kwa kubadili swali. Badala ya "Umefikia wapi?" nikawa nauliza maswali mawili: "Unamngoja nani?" na "Nani anakungoja?" Aidha, niliacha kumwendea mmoja mmoja. Niliwaweka wote wanne kwenye benchi moja, chini ya mwembe nyuma ya ghala, kila Jumatatu, mbele ya karatasi moja kubwa iliyochorwa miezi. Siku ya kwanza tu, bwana shamba alipotaja wiki za mavuno, bwana wa magari alishika kichwa. Mzee mwashi akauliza sakafu ya ghala itabeba magunia mangapi, na kijana wa mashine akagundua kwamba jibu lake linabadili saa za kazi za mashine. Mambo ambayo mimi nisingeyafikiria kwa mwaka mzima walielezana wenyewe kabla chai haijapoa. Umeme tulikwisha upata. Lakini tuliuandika hata hivyo, na mbele yake tukaandika jina la mtu.

Lililokuwa gumu ni magari. Karatasi ilisema kwamba mwezi wa Juni na Julai magari yasikodishwe. Bwana wa magari alikasirika, akaniambia mbele ya wenzake, "Wewe unanivunjia hesabu zangu. Mwisho wa mwaka nitaonekana mzembe." Alikuwa na haki. Tulimpima kwa mapato, kisha tukamwomba ayaache mapato. Hapo nilifahamu kwamba anayeshika mpango hana budi kuwa na uwezo wa kuufanya mradi mmoja upate hasara ili miradi yote ipate faida, na kwamba uwezo huo hauwezi kuutoa mfukoni mwake. Lazima aupewe na mwenye mali, waziwazi, wote wakisikia. Tajiri alikuja chini ya mwembe akasema kwamba mwaka huo magari yatapimwa kwa magunia yaliyofika kwa wakati. Maneno machache tu, lakini bila hayo karatasi yangu ingekuwa pambo. Siku hiyo hiyo aliahirisha mradi wa tano, wa kukamua alizeti, alioupenda sana, kwa sababu ungetunyang'anya fedha za kununulia mpunga. Nilimheshimu zaidi kwa kuahirisha kuliko kwa yote aliyoanzisha.

Mwaka ule tulinunua mpunga kwa wakati. Si wote. Wakulima wengi hawakurudi kujiandikisha, nasi hatukuwa na haki ya kuwashangaa. Mama mdogo hakujiandikisha. Nilimpelekea ujumbe, nikaenda mwenyewe, nikamweleza habari za benchi na karatasi. Alinisikiliza kwa upole, akanipikia, akaniombea kazi yangu ibarikiwe. Mpunga wake aliwauzia walanguzi wale wale. Bati zilizobaki nilizinunua mimi kwa mshahara wangu, naye alizipokea kama zawadi ya mtoto kwa mama, si kama malipo ya deni. Deni lenyewe liko palepale, maana lilikuwa la neno: "kama mwanangu yumo."

Kwa Kiswahili, kanyagio ni kile kinachokanyagwa ili kitu kiende, kama la baiskeli. Kila nikiandika jina la Makanyagio katika barua nakumbuka hilo. Baiskeli ina makanyagio mawili, na moja likishuka jingine hupanda. Ukitaka yote mawili yashuke pamoja, hutakwenda popote. Mimi nilitaka yote manne yashuke kila Jumatatu, ili niweke vema.

Sasa nimestaafu. Vijana huniletea wakati mwingine mipango yao, mizuri, iliyochapwa kwa kompyuta, yenye majedwali ya rangi ambayo kauntabuku yangu haikuyaota. Huyasoma yote. Kisha huwauliza, kazi hizi zote zikikamilika, ni nani hasa atakayelala bila kuamka usiku? Wengine hucheka, wakidhani mzee anatania. Anayenyamaza na kurudi kutazama karatasi yake, huyo humwambia akae, tunywe chai, tuanze upya kutoka kwa mtu huyo.